Nafasi ya Mkeka Mmoja

Jumapili, 4 Agosti 1912. Kondoa.

Mwanne amehama. Tangu Alhamisi yuko kwa kaka yake, Mwalimu Abdulkadiri, nyuma ya msikiti. Hakuchukua nguo, hakuchukua sufuria. Amejitwika mkeka wake wa kusalia, basi, akaenda. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa.

Kosa si langu. Alikuwa akisali alasiri kati ya masanduku ya bati na gunia la njuga. Alipokwenda sijida, miavuli saba ikamwangukia mgongoni. Miavuli yenyewe haina hata kitambaa, ni mbavu tupu. Hakukatisha sala. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akakunja mkeka. Kisha akaniambia kwa upole (na upole wake ndio ninaouogopa) kwamba atarudi siku atakapoweza kuweka paji la uso chini bila kuomba ruhusa kwa debe. Mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla hajapata nafasi ya mkeka mmoja, atafunga na kufuturu kwa kaka yake.

Zimebaki siku tisa au kumi. Sijawahi kufuturu bila yeye. Uji ninaopika mwenyewe naujua.

Tena vitu vyangu si takataka. Nilikuwa karani wa misafara, na kila msafara uliacha kitu: masanduku, njuga, kengele ya kiongozi, hema lisilo na miti, shanga nyekundu ambazo wanawake hawazitaki tena. Na mlango wa nakshi kutoka Tabora, ambao haujapata nyumba. Watu wanasema reli imeshapita Dodoma na misafara imekwisha. Tutaona hiyo reli itadumu miaka mingapi. Akiba haiozi.

Jumatatu, 5 Agosti.

Nimepata akili. Binti yetu Tabu ameolewa Kolo na ana nyumba kubwa. Nimempelekea punda wawili wenye miavuli, hema na kengele. Nimemwandikia kuwa ni zawadi ya baba kabla ya Mfungo. Nafasi imeanza kuonekana. Naona kipande cha sakafu nilichokisahau.

Jumanne, 6 Agosti.

Punda wamerudi. Wamerudi na miavuli, hema na kengele. Tabu ananiamkia, anashukuru sana, anasema miavuli hiyo anaifahamu tangu hajaota meno na hataki wanawe waifahamu. Juu ya mzigo ameweka kibuyu cha asali. Asali nzuri mno, alhamdulillahi. Nimekosa pa kuiweka.

Jioni akaja Matonya, rafiki yangu Mgogo, aliyepanda kutoka Ugogo na mbuzi wa kuuza. Hulala kwangu kila mwaka. Safari hii amelala barazani, na hakulalamika. Nikamweleza msiba wangu. Akashangaa kwamba mtu mzima huweka mali yake yote mahali pamoja. Yeye ana ng'ombe arobaini, na zizini kwake wako wanne. Waliobaki wako kwa marafiki, huku wawili, kule watano. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe ni wa Matonya. Ukame ukipiga upande mmoja, upande wa pili wanabaki. Akipita kuwasalimu anaonyeshwa ng'ombe wake, anapewa pombe, anaondoka mikono mitupu na moyo umejaa.

Sikupata usingizi kwa furaha. Yaani mtu anaweza kuwa na nyumba tupu kama ya walii, na asipoteze hata njuga moja!

Jumatano, 7 Agosti.

Nimegawa tangu alfajiri. Matonya alifuatana nami akimweleza kila mtu desturi ya kwao, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Jirani yangu Stara, mjane mwenye ulimi mwepesi, amepokea miavuli aanikie mboga. Masanduku yamekwenda nyumba ya pili. Hema limekwenda kwa wachoma matofali. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo nimeandika kila kitu kilipo, nyuma ya daftari hili.

Mlango wa Tabora nimeupeleka mwenyewe kwa shemeji Abdulkadiri, ili Mwanne auone kila siku na kunikumbuka. Kabla sijafungua kinywa, Mwalimu akaweka mkono juu ya mlango na machozi yakamlengalenga. Akasema madrasa haijapata mlango tangu ijengwe, na kwamba Mungu ataniandikia sadaka inayodumu. Nilitaka kumweleza habari za ng'ombe. Mwanne alikuwa amesimama uani, ananitazama. Nikasema amina.

Ijumaa, 9 Agosti.

Baada ya sala Mwalimu ameniombea dua mbele ya watu wote. Amesema Bushiri bin Hamisi ameitoa dunia nyumbani mwake kabla dunia haijamtoa yeye. Nikalia. Wazee wakanishika mabega. Nusu ya machozi yalikuwa ya kweli. Nusu ya pili yalikuwa ya mlango, maana kutoka msikitini niliweza kuuona, umeshapigiliwa misumari.

Abdulkadiri ana kanzu moja na kata moja ya maji, na miaka yote amesifiwa kwa hilo. Kuanzia leo tuko wawili.

Jumamosi, 10 Agosti.

Nyumba tupu. Nimefagia mara tatu.

Nitaandika jambo hili polepole, maana sijazoea. Asubuhi jua liliingia dirishani likaenda moja kwa moja hadi ukuta wa pili. Miaka yote lilikuwa linaishia kwenye masanduku. Nimesali adhuhuri, na kwa mara ya kwanza sikumbuki nilikuwa nafikiria nini. Labda sikuwa nafikiria chochote. Nilikunywa maji kwa kata, na maji yalikuwa matamu. Nikasema alhamdulillahi na nikamaanisha.

Halafu nikaona kwamba nyumba ikiwa tupu, aliyekosekana anaonekana. Namtaka mke wangu arudi.

Nimempelekea habari. Amejibu kwamba atakuja Jumanne alasiri, kabla ya watu kutazama mwezi. Atakuja na mkeka.

Jumapili, 11 Agosti.

Stara amekuja na vilindo vitatu vya mtama, yale mapipa ya magome ya mti, vimejaa hadi mdomoni. Mavuno mwaka huu ni mazuri, tumshukuru Mungu, na kwake panya wamekuwa wengi kuliko watu. Nyumba yangu, akasema, ina nafasi mpaka mtu anasikia mwangwi. Nikaanza kukataa. Akanikumbusha, kwa heshima, kwamba Matonya alisema anayewawekea wenzake naye huwekewa. Kama sitaki mtama wake, atanirudishia miavuli sasa hivi.

Miavuli! Siku mbili kabla ya Mwanne! Na shemeji angejua kwamba walii wa Kondoa ni mtu wa kuweka vitu kwa majirani. Nikapokea vilindo.

Nikamwendea Matonya mnadani kumlaumu. Akanitazama kwa huruma. Aliniuliza kama nilidhani ng'ombe huenda upande mmoja tu.

Jumatatu, 12 Agosti.

Waliochukua masanduku wameleta vilindo vinne na kitanda. Wachoma matofali wameleta mizinga miwili ya nyuki, mitupu, wanasema. Mmoja si mtupu. Matonya ameleta mbuzi watatu ambao hawajapata mnunuzi. Kila aletaye kitu ananishukuru na kuniombea. Nimepewa pia kuku, mafuta ya ufuta na kibuyu cha maziwa. Sijawahi kupendwa hivi, na sijawahi kubanwa hivi.

Kila kilindo kikiingia nilikuwa narudi nyuma hatua moja. Mwisho nikabaki kwenye pembe iliyo chini ya dirisha, lile linaloingiza jua. Hapo nikasimama. Nikawaambia watu wasiweke hapo hata sindano. Nikapapima kwa shubiri. Panatosha mkeka mmoja, wala si zaidi. Nimepafagia, nimepanyunyizia maji, na mimi nimehamia barazani pamoja na mbuzi.

Jumanne, 13 Agosti.

Mwanne alikuja alasiri, na kaka yake nyuma. Nilikuwa barazani nikiwaza niugue ugonjwa gani. Nikachagua tumbo. Hakuniuliza habari za tumbo.

Aliingia. Nikamsikia anahesabu vilindo kwa sauti ya chini. Mwalimu alibaki mlangoni, ameduwaa, mbuzi mmoja anatafuna pindo la kanzu yake ya pekee.

Nikasema yote. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika: Matonya, ng'ombe, miavuli, daftari, hata mlango. Kwamba haukuwa sadaka, ulikuwa amana, niliogopa kusema. Abdulkadiri akavuta pindo lake, akafikiri, akasema misumari imeshaingia, na kwamba Mungu huweza kuipokea sadaka hata kama mtoaji alikuwa analia. Sikumpenda mtu huyu kwa miaka ishirini na mitatu. Leo nimempenda.

Mwanne akatokea. Akasema, "Baba Tabu, wewe hukupunguza vitu. Ulivipeleka matembezi, vikarudi na wageni."

Nikainamisha kichwa. Kisha akauliza pale chini ya dirisha ni pa nani, maana nyumba nzima imejaa na pale pamefagiliwa. Nikamwambia ni pake. Akauliza mimi nalala wapi. Mbuzi wakajibu kwa niaba yangu.

Akaingia tena, na nikasikia mkeka unakunjuliwa. Nikamsikia akisema Allahu akbar. Nikangoja kitu kianguke. Hakikuanguka. Niliweka uso wangu ukutani, kwa nje, nikashukuru kama ambavyo sijawahi kushukuru katika maisha yangu.

Alipotoka alikuwa na vumbi kidogo kwenye paji la uso. Akaniambia kesho wenye mtama wachukue mtama wao, na vilivyo vyangu vibaki huko vilikokwenda, ni vya watu sasa. Nikakubali kila neno. Magharibi mwezi ukaonekana, mwembamba, juu ya vilima. Tukautazama pamoja, mkono wake begani kwangu.

Alhamisi, 15 Agosti. Mfungo, siku ya pili.

Vilindo vimeondoka. Vimebaki mkeka wake, mkeka wangu kando yake, chungu, kata mbili, na kibuyu cha asali ya Tabu. Jana tulifuturu uji alioupika yeye. Nikasema huu ndio utajiri. Akaniongezea uji.

Mwalimu ameniomba nizungumze na wanafunzi wake juu ya kinaa, yaani kuridhika na kidogo, pale pale mbele ya mlango wa Tabora. Nimekubali kwa moyo mweupe. Mimi ni mtu mpya.

Nikirudi leo nilipita nyuma ya boma la Wadachi. Bwana mmoja anahama, na askari walikuwa wanatupa birika lake la kuogea, la chuma, refu kama kaburi, lina tundu moja dogo tu. Nikawaza: chombo kimoja hicho kingeondoa haja ya mabeseni, ndoo, mitungi na madebe. Hakuna kurahisisha maisha kunakozidi huko. Tumelibeba watu sita, wote tumefunga.

Sikulipeleka nyumbani. Nimeshajifunza. Liko kwa Stara, aanikie mboga humo, na nimeliandika nyuma ya daftari. Ameuliza lini naye ataleta tena vilindo vyake vitatu. Nimemwambia angoje kwanza Idi ipite, Mwanne atakuwa amezoea.