Kadogo Hataki Kufika Getini

Jumatatu, 2 Machi 2026

Barua imefika. Mabanda mawili ya kupimia majani chai yameunganishwa, karani atakuwa mmoja, na anayebaki ni Onchiri. Onchiri! Mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma mizani. Miaka tisa nimekaa banda namba nne, na shukrani yangu ni karatasi moja. Nyumba ya kampuni nirudishe tarehe 31.

Celine, mke wangu, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kupalilia sukuma wiki. Afadhali angenifokea. Mwanetu Otiende yuko Grade Nine hapa hapa shule ya shamba, mtihani ni mwaka huu, na mdogo wake Eucabeth yuko huko huko. Tukitoka kwenye kambi hii ya wafanyakazi, nao wanatoka shuleni.

Lakini mimi Oketch sijafa! Meneja mpya, Kipchirchir, ametangaza kwamba shamba litaanza kupokea wageni. Walimu, manesi, akina mama wa kanisa, watu wa kawaida ambao hawajawahi kukaa juu ya farasi. Watazungushwa kwenye majani chai juu ya Kadogo, yule farasi jike aliyeachwa na Mzee Kebaso, meneja aliyestaafu. Anatafutwa mtunzaji. Kazi ina nyumba! Jaribio ni Jumamosi tarehe 14: kumpanda Kadogo kutoka zizini mpaka geti la kiwanda na kurudi, ametulia kiasi kwamba mama mzazi wa meneja anaweza kupanda baadaye.

Tumejiandikisha wawili. Mimi, na Nyabate. Mchuma chai. Mama mzima ambaye hata baiskeli hajui. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Jumanne, 3 Machi

Nilifika zizini mapema. Kadogo si kadogo hata kidogo. Mgongo wake uko usawa wa kidevu changu. Aliniangalia, akageuka, akanipa makalio. Madharau.

Mlangoni Mzee Kebaso alibandika kurasa sita za mwandiko wake, mashauri kwa anayeanza kupanda. Nikasoma ya kwanza. Siku ya kwanza usimpande. Siku ya pili pia usimpande. Leta kiti, ukae karibu, mwache aje mwenyewe. Akisimama ghafla, jua ana sababu, itafute. Upuuzi mtupu! Mzee alikuwa analipwa kukaa. Mimi nina siku kumi na moja.

Nikabandua zote sita ili Nyabate asizione. Nimezificha chini ya godoro. Sikusoma zilizobaki, sina huo muda.

Halafu nikapanda. Nilikaa juu labda sekunde nne. Kadogo hakuruka wala hakupiga teke. Aliinamisha tu bega upande mmoja, mimi nikaenda, nikaangukia juu ya majani chai. Yalikuwa yamechumwa jana, yamelingana sawasawa, nikabaki nimelala chali hapo juu kama mgonjwa kitandani. Wachumaji wote waliona. Kuna mmoja aliuliza kama aniletee blanketi.

Alhamisi, 5 Machi

Nyabate huja zizini saa tisa, akimaliza kuchuma. Analeta ndoo, anaipindua, anakaa. Basi! Leo nilimchungulia nyuma ya ukuta saa nzima. Alikuwa anamenya njugu. Kadogo alisogea, akanusa kitambaa chake cha kichwa, akarudi zake. Nyabate hata hakunyoosha mkono. Huyu ndiye mshindani wangu. Mtu wa kukaa.

Hata hivyo sipendi kubahatisha. Nilienda kwa Nyapara Sagini nikamdokezea, kwa nia njema, kwamba kuna mchumaji anatoroka kazi mapema kwenda kuchezea farasi. Sagini alinishukuru sana. Akasema hakujua mama wa watu anatembea mbali hivyo kila siku. Kuanzia kesho amempa Nyabate mistari iliyo kando ya zizi.

Wueh. Nimelala na kichwa kinauma.

Jumapili, 8 Machi

Siku tatu za kazi ngumu. Ijumaa nilimpa Kadogo nusu kilo ya sukari ili anipende. Alikula, akala na mfuko wa karatasi, akaniuma kiwiko. Jana nilimkimbiza kuzunguka uwanja wa mpira ili achoke awe mpole. Aliyechoka ni mimi. Yeye alisimama golini ananisubiri.

Celine amesema kidogo leo baada ya kanisa. Aliniuliza kama nimewahi kusimama tu karibu na yule mnyama bila kumtaka kitu. Nikamwambia hii si harusi, hii ni kazi. Nikamwuliza amejulia wapi mambo ya farasi. Akasema anatandika kitanda kila siku. Sijui kitanda kinaingiaje hapo. Wanawake wakizidiwa na mawazo huongea ovyo, nikamwacha.

Otiende alisikia yote. Akauliza kama afunge vitabu vyake kwenye boksi au asubiri. Nilimfokea. Halafu nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe la kufulia.

Jumatano, 11 Machi

Nimepata! Nimepata dawa!

Kadogo hanichukii mimi. Anamlilia Mzee Kebaso. Miaka kumi na miwili alibeba harufu ya mtu mmoja, sasa amekuja mtu mwingine mwenye harufu ya Oketch. Kwa hivyo tatizo ni harufu. Harufu inahamishika.

Mama Adongo, aliyekuwa mpishi wa Mzee, bado ana koti lake la mvua, lile la kijani, refu, la kutisha. Koti lile likitokea kwenye kona ya barabara, makarani wote tulikuwa tunasimama. Nikamwambia Mama Adongo kwamba Mzee amelitaka, nitalituma kwake Kisii kesho. Alilikunja vizuri akanipa, akaniagiza nimsalimie Mzee na nimwambie wanamkumbuka. Niliona vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jioni nikalivaa, nikaingia zizini. Kadogo aliinua kichwa. Alikuja mwenyewe! Akasukuma pua yake kifuani kwangu, akashusha pumzi ndefu. Nilipanda, akatulia kama kiti cha kanisani. Tulizunguka zizi mara tatu. Siku moja, bila ndoo, bila njugu.

Nyabate alikuwa anapita na kikapu chake mgongoni. Alisimama akaangalia koti, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kabla ya Jumamosi nimpitishe Kadogo kwenye mabanda ya kupimia, taratibu, nikiwa chini kwa miguu. Nikamjibu kwamba ushauri wa mtu anayeogopa kushindwa siuhitaji. Aliondoka na kikapu chake.

Jumamosi, 14 Machi

Nitaandika yote, kwa sababu watu watasema mengine.

Nilijisogeza mbele nikaomba kuanza. Meneja Kipchirchir alikuwa getini na mama yake, bibi mdogo wa mwili, kofia ya sufu, na watu kama hamsini. Mimi nilikuwa zizini, nimevaa koti. Kadogo alinipokea vizuri. Tukatoka. Haki ya Mungu nilikaa vizuri. Nilimwona Celine kwenye kundi la wanawake barabarani, nikamnyooshea mkono. Hakunyoosha wake. Alikuwa anaangalia mbele yetu.

Mbele yetu kulikuwa na banda namba nne.

Kadogo alifika hapo akasimama. Nikampiga kisigino. Wapi! Nikavuta hatamu. Amesimama tu, ametulia, masikio mbele. Ndipo nikakumbuka. Kila asubuhi, miaka tisa, mimi nikiwa ndani ya banda hilo hilo, Mzee alikuwa anasimamisha farasi hapo, anashuka, anaingiza mkono kwenye magunia, anapapasa majani, halafu ndiyo anaondoka. Nilikuwa naona! Nilikuwa naogopa! Na haikunijia hata siku moja kwamba farasi naye alikuwa kazini.

Hapo ningeshuka, ningemaliza kwa dakika mbili. Lakini wachumaji walikuwa wamepanga mstari na magunia yao, na mmoja, kwa mzaha, alifungua lake akaniambia mkubwa, angalia majani. Nikaangalia. Kadogo akasogea hatua moja mpaka gunia la pili, mwenyewe. Nikaangalia la pili. Nikasema haya yamekomaa. Nikasema shina refu hili, kanuni ni majani mawili na chipukizi, mnachuma miti? Wakacheka, lakini wakafungua. Onchiri alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Nikamwuliza mbona mizani haijapanguswa. Na Onchiri, mbele ya koti lile, alisimama!

Nitakufa nakumbuka jinsi alivyosimama.

Sasa Kadogo akaondoka. Nikafikiri tunaenda getini. Kumbe baada ya namba nne Mzee alikuwa anaenda namba tatu, halafu namba mbili, halafu moja kule karibu na mto. Sikuweza kumgeuza. Niseme ukweli, kufikia namba mbili sikujaribu. Nilikuwa nakagua. Mvua ya mawe ilinikuta namba moja. Watu getini wakatawanyika kutafuta pa kujikinga.

Mzee akimaliza mabanda alikuwa anaenda kunywa chai kwenye veranda ya nyumba ya meneja. Kadogo akanipeleka hapo hapo, akasimama mbele ya ngazi. Kwenye veranda walikuwa wamejikinga Kipchirchir, mama yake, Nyabate, Celine, na Mama Adongo ameshika birika. Mama Adongo aliliangalia koti. Nikaangalia kwato za farasi.

Kipchirchir hakupaza sauti. Akasema, "Oketch, nilikutuma getini. Mlikuwa mnaenda wapi?"

Nikasema, "Kazini, mkubwa."

Hakuna aliyecheka. Meneja aliniomba nishuke.

Mvua ilipokwisha Nyabate alimshika Kadogo, akasema naye kitu kwa Kikisii, akapanda. Wakapita banda namba nne bila kusimama, wakaenda getini wakarudi. Meneja alimwuliza amewezaje. Akaeleza kwamba siku tano mfululizo alimpeleka mabandani kwa miguu, akisimama naye anasimama, anagusa majani, anamshukuru, wanaendelea, mpaka siku ya tano akapita mwenyewe, ila leo koti la Mzee lilimrudisha kazini. Ni hivyo tu. Halafu bibi mwenye kofia ya sufu alipandishwa, na Kadogo akambeba polepole kama anajua uzee ni nini.

Kazi ni ya Nyabate. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumapili, 15 Machi

Mama Adongo hajajibu salamu yangu kanisani. Koti nimelirudisha. Limelowa, lina majani mfukoni.

Mchana Nyabate alikuja na mkungu wa ndizi. Nilitaka kujificha, lakini nyumba ina mlango mmoja. Alisema wageni watakuwa wengi, amepewa ruhusa ya kuchukua msaidizi, na msaidizi naye ana haki ya nyumba. Yeye anayo tayari kambi ya chini. Amenifikiria mimi, kwa sababu ya watoto. Sharti ni moja: wiki mbili, saa moja kila siku, nikae zizini. Nisimpande, nisimguse, nisimpe kitu. Nikae tu.

Kukaa! Mimi! Nilimwambia nitafikiria.

Jumatatu, 16 Machi

Nimekaa. Dakika saba. Kadogo hakuja. Dakika ya nane nikamwita. Dakika ya tisa nikapiga mluzi. Ya kumi nikainuka nikamfuata na kamba, Nyabate akanitazama, nikatoka zizini mwenyewe kabla sijaambiwa.

Niliporudi nyumbani kurasa za Mzee Kebaso zilikuwa mezani, zote sita, zimepangwa. Celine amezisoma tangu siku niliyozificha. Kumbe tangu Ijumaa ile ya sukari amekuwa akienda zizini akitoka mtoni, anakaa kando ya Nyabate. Kadogo anamjua. Amewahi kulaza kichwa begani kwake.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia.

Jumanne, 31 Machi

Leo ndiyo tarehe. Hatujahama. Otiende amekwenda shule asubuhi na begi lake kama kawaida.

Onchiri alipita na daftari la nyumba, mlango kwa mlango. Akaandika hapa kwangu, huku akisoma kwa sauti, sijui kwa nini lazima asome kwa sauti. Mwenye nyumba: Celine, msaidizi wa farasi. Wategemezi: Otiende, mwanafunzi. Eucabeth, mwanafunzi. Oketch. Akaniuliza mbele ya jina langu aandike nini. Nikamwambia aandike mume. Akasema hakuna sehemu ya hiyo. Nimeumia, sitaficha. Nimeumia kuliko siku ya barua.

Jioni Celine alinipakulia chakula kwanza, kama zamani. Akasema farasi wa pili ataletwa mwezi wa sita, na Nyabate bado yuko tayari kunijaribu. Nisubiri tu. Miezi miwili na kidogo, nipumzike, nije zizini nikipenda, nikae. Akanishika mkono akaniomba nimwahidi. Nikamwahidi. Macho yake yalilowa, na mimi nikaona haya, halafu ikapita.

Mwezi wa sita! Mpaka mwezi wa sita nitakuwa nimekwisha kuwa mtegemezi kabisa.

Kuna mtu kule Silibwet ana punda dume, kijana, hajawahi kupandwa. Wageni hawajui tofauti, wanachotaka ni kukaa juu na kupigwa picha. Yuko tayari kubadilishana na cherehani. Celine ana cherehani, ile aliyoachiwa na mama yake, lakini siku hizi hashoni, yuko kwa farasi kutwa. Kesho akishaenda kazini nitaibeba. Ijumaa punda atakuwa tayari, na Celine mwenyewe atanishukuru.