Mkuki wa Vipande Vitatu Umenivurugia Nyumba

Kwa Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Wasafiri,

Pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani, na ni mjane. Si mtu wa kuandikia magazeti. Gazeti lenu kwa kawaida nalitumia kuchorea vipimo vya nguo. Lakini uvumilivu nao una pindo, na langu limefumuka.

Nailalamikia makala yenu iliyomfundisha marehemu mume wangu kuchagua na kutumia mkuki wa kuvulia samaki, ule unaofunguka vipande vitatu na kuingia kwenye begi la safari. Mume wangu alikuwa fundi wa friji. Mtaani walimwita Fundi Baridi. Maji aliyoyajua ni yale ya barafu inayoyeyuka. Aliisoma makala yenu akisubiri friji ya mteja ishike baridi, akaikata kwa mkasi wangu wa vitambaa, ambao hata mimi mwenyewe siugusishi karatasi. Hilo peke yake lingetosha kuleta barua hii, lakini yako mengine.

1. Begi. Mliandika kwamba msafiri apime begi kwanza, ndipo achague mkuki. Yeye alianza na mkuki. Ulipokataa kuingia, likalaumiwa begi, nami nikashona jingine la turubai, refu na jembamba kama mfuko wa tarumbeta. Tangu hapo nguo zangu zilisafiri zikiwa zimeuzunguka mkuki ili vipande visigongane. Kila tulikofika nilishuka na gauni lenye mikunjo kama mtu aliyetoka kuamulia ugomvi.

2. Mazoezi. Mlishauri mtu ajizoeze nchi kavu: mpira wa mkiani aupitishe kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono upande juu ya fimbo mpaka mpira uvutike, akamate, alenge, kisha alegeze vidole tu, mkuki wenyewe uende. Vizuri sana. Ila hamkusema nchi kavu ipi. Yeye alichagua korido yetu, akalenga mto wa kochi. Dada yangu alikuja kunisalimia, akapiga hodi, akajibiwa, "Shemeji, ngoja! Nimeshavuta!" Alirudi kwake. Siku hizi anapiga simu kwanza.

3. Uwanja wa ndege. Makala ilisema mkuki uende na mizigo ya chini, ncha zikiwa zimefunikwa. Tulitii. Nilizishonea ncha zake tatu vijisoksi vya turubai, kila moja chake. Lakini marehemu aliamini mtu mwema hujieleza kabla ya kuulizwa sana. "Mzee, humu mna nini?" "Mkuki." "Wa nini?" "Wa kuchomea." Tukakalishwa kwenye chumba cha viti vya bluu mpaka wenzetu wakaruka. Faida niliyoipata ni kwamba yule askari wa kike alivipenda vijisoksi, akaniuliza kama nashona na sare.

4. Samaki. Mlisema msafiri aulizie kwanza sheria ya huko aendako, maana kwingine mikuki hairuhusiwi, na asimchome samaki asiyemjua wala asiyekusudia kumla. Kwa hiyo mara nyingine tulisafiri kutwa kwenda kusoma kibao cha katazo. Na pale iliporuhusiwa, alilala kifudifudi kwenye maji ya kifuani, akatoka midomo imebadilika rangi, akaniambia, "Nilikuwa nimempata kabisa, mke wangu, ila alinitazama." Katika maisha yake yote mkuki ule umechoma mto wa kochi, papai, na ndala yangu ya kushoto. Fundi wa friji, na friji yake haikuwahi kulaza samaki wake! Tulinunua sokoni. Wateja wakimuuliza habari za safari, alijibu, "Tulikula samaki watamu sana." Nami nilitazama pembeni, maana walikuwa watamu kweli.

5. Uongo. Hili ndilo kubwa. Mliandika kwamba mkuki huu mtu mmoja anauunga bila shida. Si kweli. Unataka watu wawili. Kila tulikofika, kabla sijavua viatu, nilisikia, "Mama, njoo unishikie hapa kati, peke yangu siwezi." Nikashika kipande cha kati, yeye akakaza ncha upande huu, akanizunguka, akakaza mkia upande ule. Nimekishika nikiwa na unga mikononi. Nimekishika nikiwa na homa. Nimekishika nikiwa nimemnunia, na niwaambie ukweli, huwezi kumnunia mtu ipasavyo huku umemshikia mkuki. Sikuweza kubaki nyumbani safari hata moja, maana bila mimi chombo hakikuunganika.

6. Mliyoyasahau. Makala ilieleza kuusuuza kwa maji yasiyo na chumvi, kuukausha, na kupaka grisi kwenye maungio. Haikueleza uende wapi mwenyewe akishaondoka. Jumamosi shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anakuja kuuchukua. Anataka autie gundi usifunguke tena, autundike ukutani juu ya televisheni. Anasema, "Shemeji, wewe wa nini? Si una cherehani yako?" Hana ubaya.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mtangaze kwamba mikuki yote itengenezwe kipande kimoja, mirefu kiasi cha kushindwa kupita mlangoni, ili waume wabaki nyumbani. Naomba pia mpokee mkuki huu unaokuja na barua hii kama kidhibiti, muufungie kabatini. Kilicho kwa mhariri, shemeji hawezi kukidai.

Msalimieni mwandishi wa makala na mkewe; kama mke huyo naye analo begi refu, mpeni pole. Mchapaji naye, na mlinzi wa getini atakayeshtuka kuona kifurushi.

Ni mimi mwenye kisa,
Fundi cherehani, mjane wa Fundi Baridi

Nyongeza: Mlinzi asihangaike, hakuna kifurushi. Shemeji akija kuuliza, mwambieni mkuki mnao na uchunguzi unaendelea. Ila mpira wake umelegea. Nijulisheni mtu mwenye mkono mfupi kama wangu anunue wa urefu gani, na mjibu kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo ninasafiri. Na lile lalamiko la tano lifuteni. Jana, nikitaka kuufunga niutume, nilikibana kipande cha kati kwa magoti, nikakaza ncha, nikakaza mkia. Ukaungana. Nikaufungua, nikauunga tena. Mtu mmoja anatosha. Na marehemu alikuwa na magoti mazima kabisa.