Cheti cha Pembe Nne

Mtaalamu nitakayemsimulia hapa namfahamu kuliko mke wake anavyomfahamu. Kila asubuhi namnyoa ndevu mbele ya kioo, na wembe ukiteleza, anayeumia ni mimi. Kwa heshima ya watu wa nyumbani kwake, nitamsema kama mtu baki.

Alikuwa na kibanda cha kupimia lenzi za kamera, kati ya fundi saa na duka la vitambaa. Ubao wa nje ulisema: UPIMAJI WA KITAALAMU, CHETI HUTOLEWA. Elimu yake ya lenzi ilikuwa ya miezi mitatu. Ya maneno alianza nayo kabla hajaota meno.

Siku hiyo alikuwa mlangoni akichokonoa hayo meno alipomwona mjane wa mpiga picha mkongwe akivuka barabara na kifuko cha ngozi mkononi. Moyo ukamruka. Ndani ya kifuko kile mlikuwa na lenzi pana ambayo marehemu aliitumia kuingiza ukoo mzima kwenye picha moja, katika vyumba ambavyo ukinyoosha miguu unagusa ukuta wa pili. Mtaalamu aliitamani kwa miaka kumi na miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu ameshika kazi ya baba yake. Jumamosi anapiga harusi yake ya kwanza, na akiivuruga hakuna atakayemwita tena. Nipimie hii. Ikiwa mbovu, niambie kweli."

"Mama, mimi na uongo hatujawahi hata kusalimiana."

Akabandika kurasa tano za gazeti ukutani, moja katikati na nne kwenye pembe. Akafunga lenzi kwenye kamera, kamera akaisimamisha juu ya miguu yake mitatu, akapima umbali kwa futi kamba kwa uchungu wa mtu anayegawa urithi. Kisha akajipapasa kichwa kwa kidole kama anayetafakari. Nywele zake alizipaka mafuta kila siku, na mkewe alidhani ni utanashati. Kidole kilekile kikazunguka ukingo wa kioo cha lenzi na kuacha katikati pakiwa safi.

Kamera za aina hii zina jambo moja la kumfurahisha mwizi: huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kidogo juu yake, na kidirisha hakijui lenzi imepakwa nini.

"Chungulia mwenyewe, mama."

"Mbona naona safi?"

"Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Subiri filamu iseme."

Akapiga picha, akajifungia nyuma ya pazia jeusi, akasafisha filamu, akatoa picha ikiwa bado inachuruzika maji. Katikati ungeweza kusoma hata tangazo la dawa ya mende. Pembeni herufi zilikuwa zimelowa ukungu. Mtaalamu akasikitika kwa ustadi mkubwa. Karibu atoe machozi.

"Pembe zote nne zimekufa, mama. Harusini watakaokaa pembeni watatoka kama uji."

Mjane akaichunguza picha kwa kioo cha kukuzia, bila haraka.

"Zimekufa kweli. Niandikie cheti."

Akaandika kwa wino mwekundu: pembe nne, ukungu, haifai kwa kazi. Akagonga muhuri, akatia sahihi yenye mikia mitatu. Ndipo akakohoa kidogo.

"Marehemu alikuwa mwalimu wetu sote. Niachie mimi, niiweke hapo rafuni iwe kumbukumbu."

"Na mwanangu Jumamosi apigie nini?" Macho ya mjane yalikwenda moja kwa moja kwenye lenzi ndogo kando ya muhuri. "Ile inaingia kwenye kamera yake. Ni nzima?"

"Nzima kabisa," alisema Mtaalamu, na huo ndio ulikuwa ukweli wake wa kwanza mwaka ule. Ilikuwa ya kaka yake. Kaka alikufa akimsihi asiiuze, na katika kibanda kizima ndicho kitu pekee ambacho hakikupatikana kwa ujanja. Aliinyooshea mkono, akaurudisha. Roho ilimuuma, sitamsingizia. Kisha akajiambia kwamba kubadilishana si kuuza, akampa.

Mjane alipoondoka, Mtaalamu alifunga mlango, akaifuta lenzi pana kwa kitambaa laini na kuipima upya. Picha ikatoka. Katikati, dawa ya mende. Pembeni, uji.

Akaifuta tena kwa spiriti, akapiga tena. Uji. Hapo ndipo alipogundua kwamba katika miaka yote ya upimaji hakuwahi kupima lenzi hata moja. Kila iliyoingia aliipaka mafuta kabla ya kujua ina nini.

Alimkuta mjane nyumbani kwake akikunja nguo.

"Mama, ile lenzi ni mbovu."

Mjane akavaa miwani, akatoa cheti chini ya kitambaa cha meza, akamsomea chote, hadi wino wa muhuri.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Lenzi ile ilianguka kwenye ngazi miaka mitano iliyopita. Tangu hapo marehemu alikuwa akiwapanga pembeni mashemeji asiowapenda. Jirani yangu ulimwambia lenzi yake ni mbovu, ukaichukua, na ilikuwa nzima. Nikasema, ngoja nami nimpelekee ambayo akisema ni mbovu atakuwa mkweli."

Mtaalamu alirudi nyuma hadi mlangoni.

Binti akatokea uani, lenzi ya kaka wa Mtaalamu ikiwa kwenye kamera. "Mjomba, simama hapo mlangoni nijaribu."

Nilisimama. Ndiyo, mimi, nimechoka kumsingizia mwingine. Harusi ile ilifana, na binti aliniletea picha yangu bure. Ni kali hadi pembeni kabisa. Unaweza kuhesabu nyuzi za kola yangu, na chini kule kwenye pembe, ambapo lenzi ile pana ingepaficha, kidole changu kinang'aa mafuta.