Vita vya Ubao wa Chozi

Nyamazeni, enyi waungwana wa Kaole, nanyi jirani zetu wa Bagamoyo mjini! Tegeni masikio mpate habari za Sihaba binti Mwishehe, simba jike wa brashi na kopo la rangi, aliyeingia vitani Jumatatu asubuhi kwa ajili ya ndege asiyefikia uzito wa kijiko cha chai.

Mwezi mzima alikuwa kwenye majaribio ya kuongoza wageni katika bustani ya ndege, na siku hiyo Mzee Kitwana, mwenyekiti wa bustani hiyo na muuza khanga mashuhuri, ndiye angeamua kama ataajiriwa. Lakini ubao wa jenasi, yaani ukoo, wa chozi, kindege mnyonya maua, ulingoja kuandikwa kwa rangi, na mzee alikwisha kuupanga kwa chaki: chozi wa zambarau mwenye kumetameta akae kwenye jenasi yake, na yule wa kijivu anayeandamana naye kutwa atupwe safu ya ndege wengine. Ole! Mke ametengwa na mumewe bila kadhi wala shahidi.

"Shikamoo, mzee," akanena Sihaba akijikaza, maana kumpinga mwenyekiti ni kuiaga kazi. "Hawa ni mtu na mkewe."

"Marahaba, mwanangu. Miaka thelathini nauza khanga! Doti ni vipande viwili vilivyofanana. Visivyofanana si jozi, asilani!"

Sihaba hakurudi nyuma. Akanyoosha brashi kama mkuki kuelekea kiota kilichoning'inia kibarazani. Wa kijivu akaingia na mdudu, akatoka. Wa zambarau akaingia na wake. Makinda wakawapokea wote kwa kelele zilezile.

"Tazama na midomo yao, mzee. Yote myembamba, yote imepinda, ya kunyonyea maua. Rangi ni nguo tu! Wewe hapo umevaa kanzu nyeupe, na mkeo Bi Kibibi nyumbani huvaa buibui jeusi. Naye tumwandike kwa ndege wengine?"

Sihaba akajua amekwisha. Mara Mzee Kitwana akaangua kicheko hata kofia ikamdondoka.

"Bi Kibibi asilisikie hili, nitalala nje! Lete brashi."

Akaifuta ile safu ya ndege wengine kwa mkono wake mwenyewe, akaandika jike kando ya dume, kisha akasema, "Kesho saa mbili uwe hapa. Wageni ni wako."

Basi na ijulikane mkoa mzima wa Pwani, toka Kaole hata Chalinze, kwamba Jumatatu ile, kabla ya adhuhuri, ukoo wa chozi ulitimia, na Sihaba binti Mwishehe akapata kazi.