Mstari wa Chaki Kwenye Lori la Jeshi

Mtu waliyemwita Daktari hakuwahi kutibu hata mafua. Udaktari wake ulikuwa wa injini, na huko nako alijua ugonjwa mmoja tu: ule aliouleta yeye mwenyewe.

Asubuhi hiyo alikuwa akikatiza nyuma ya tanuri la matofali alipoliona lori kuukuu la jeshi, la kijani, pana kama kiburi, limening'inizwa kibao puani: LINAUZWA. Juzi tu mwenye machimbo ya kokoto alimwambia analitafuta lori la aina hiyo kwa udi na uvumba, apite nalo mjini watu wampishe.

Akapiga simu papo hapo. "Bosi, mali nimeipata. Saa nne uwe pale kona ya tanuri, nakuletea likinguruma."

Kisha akavaa uso wa huruma, akaingia uani.

Mwenye lori alikuwa mjane wa fundi wa jeshi, mama mnene mwenye mikono iliyopasuka kwa udongo. Matofali aliyafyatua kwa mikono hiyo hiyo. Lori ndilo pekee aliloachiwa na marehemu, na alitaka limpatie mashine ya kufyatulia kabla mgongo haujamgomea kabisa.

"Linawaka, mama?"

"Sikiliza mwenyewe." Akapanda, akawasha. Lori likanguruma kwa utulivu, kama mzee aliyeshiba.

Daktari akakunja uso. "Mmh!"

"Mmh nini?"

"Nasikia kitu ndani. Zima kwanza. Na naomba maji ya kunywa, mama yangu, jua hili litaniua."

Mama akaingia ndani. Hapa msomaji na avue kofia, maana bingwa yuko kazini. Injini ya petroli ya zamani ina kikombe cha kugawa moto kwenye plagi, mafundi hukiita distributa. Kikikaa mahali pake, cheche hufika kwa wakati. Ukikizungusha kidogo tu, cheche huchelewa kama mgeni anayefika vyombo vimeshaoshwa, na injini hununa. Daktari akafunua boneti, akachora mstari mmoja wa chaki, nusu kwenye distributa, nusu kwenye injini, ili baadaye ajue pa kukirudisha. Akalegeza boliti, akazungusha upana wa kidole, akakaza. Mama alipotokea na glasi, alimkuta amesimama kama mfiwa.

"Hebu washa tena."

Pu! Pa! Moshi mweusi ukatanda, kuku wakaruka ukuta.

"Mungu wangu! Limepatwa na nini?"

"Nilisikia mapema, mama. Kifua kikuu cha injini. Kimeshafika kwenye mifupa."

"Hakina dawa?"

"Dawa ni maombi. Ila mimi nina udhaifu wa huruma. Nitalichukua kwa bei ya chuma chakavu, nisikuache na maiti uani."

Mama akainama kwenye boneti, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Daktari kuanzia viatu hadi nywele.

"Haya, mwanangu, tuandikiane. Lakini nipe dakika mbili niioshe injini. Marehemu hakuwahi kumkabidhi mtu gari chafu."

"Osha, mama, osha!" Kwa furaha aliyokuwa nayo, hata angetaka kulipaka manukato angemruhusu. Akaketi juu ya tofali, akaandika hati, akamtolea mama mtaji wake wote mfukoni hadi kitambaa cha mfuko kikatoka nje.

Halafu akafunua boneti. Injini ilikuwa inang'aa. Chaki hakuna.

Bingwa hababaiki. Mbele ya injini kuna puli, gurudumu la kuzungushia mkanda, na kwenye puli kiwanda huchonga alama ya kuonyesha wakati sahihi wa cheche. Daktari akaseti taimingi kwa alama hiyo, safari hii kwa uaminifu ambao hakuwahi kuutumia maishani. Akawasha. Pu! Akasogeza kulia. Pa! Akasogeza kushoto, lori likaruka kama limekanyagwa kidole.

"Nikusaidie, baba?" mama aliuliza, ametulia juu ya tofali na ile glasi ya maji mkononi.

"Mama, hizi ni kazi za kitaalamu."

"Haya, mtaalamu."

Mwenye kokoto, aliyechoka kusubiri pale kona, alifuata milio. "Daktari! Ndilo hili?"

"Ndilo, Bosi. Linasafisha koo tu."

Pu! Kofia ya Bosi ikaenda zake.

"Mimi nilitaka lori, sikutaka vita!" Akaiokota, akageuka kulifuata gari lake.

Daktari akaitupa spana yake ng'ambo ya ukuta, akabaki na masizi hadi masikioni. Mama akasogea. "Nakuonea huruma, mwanangu. Nikurudishie nusu ya pesa zako, uniachie maiti yangu?"

Alikubali kabla swali halijaisha. Hati ikachanwa.

"Bosi!" mama akaita, kwa sauti ya kuamrisha gwaride. "Subiri kidogo!"

Akachomoa spana chini ya aproni. Akaliwasha lori, likakohoa. Kiganja kimoja akakiweka juu ya madigadi, lile bati la juu ya tairi, mkono wa pili ukaizungusha distributa polepole, macho kayafumba. Kikohozi kikapungua. Bati likaacha kutetemeka. Akakaza. Lori likanguruma kama mzee aliyeshiba.

"Lakini... ile alama ya puli!" Daktari alilia.

"Puli hiyo ni ya lori jingine. Ya kwanza ilipasuka, marehemu akafunga aliyoipata. Ina miaka ishirini inadanganya watu. Aliniambia, injini hii isikilize kwa kiganja."

Bosi alikuwa ameshapanda, anajaribu honi. "Mama, bei?"

Mama akataja bei ya mashine ya kufyatulia matofali, akaongeza kidogo ya maji ya kunywa. Bosi akalipa akicheka.

Daktari alikuwa amefika getini aliposikia akiitwa.

"Mwanangu! Umesahau hiki." Mama alimnyooshea kipande cha chaki alichokiokota chini ya boneti. "Siku nyingine ukiiba, usiache mwandiko wako."

Akakipokea, akakitia mfukoni. Kilikuwa kifaa pekee alichobaki nacho.