Siku ya Kuzindua Uzio wa Vyura

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, Waheshimiwa Washauri wake wanne, pamoja na wa tano anayeshika mwavuli, Bwana Meya wa Kindu, Baba Padri, Shehe, Wakuu wa Idara mlio hai, na wale ambao majina yao bado yako kwenye orodha, Maofisa wa Usalama mnaojulikana, na mnaojifanya wauza karanga, Mabibi na Mabwana, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo kwa subira yake! (Makofi. Mwavuli unainama.)

Mimi, Edouard Ilunga, Mkuu wa Mradi wa Kudumu wa Kufuatilia Vyura wa Asili katika Madimbwi na Maeneo Oevu, mwenye shahada mbili na pafu moja, nimebebwa mpaka hapa na kukalishwa kwenye kiti hiki ili nitoe ripoti yangu ya mwisho, mwisho kwa maana ya daktari, na nitie saini hati ya kulifunga bonde hili la Lukoma kwa uzio wa milele, maana bila saini yangu Mheshimiwa Mwakilishi hawezi kuweka yake. (Sauti: "Aseme mbio, basi!")

Mradi ulizaliwa mwaka 1998, vita vilipoutenga mji wetu na dunia, treni imelala, ndege haziji, wakubwa wenzangu wamekimbilia msituni upande wa Punia, nami nikabaki ofisini na mashine ya kuandikia, muhuri, na mapenzi ya biodiversité, yaani viumbe hai vya kila aina. Mwaka 1999, risasi zikilia kando ya Lualaba, vyura waliongezeka kwa asilimia kumi na nne. (Makofi.) Kwa nini kumi na nne? Kwa sababu ripoti iliyotangulia ilisema kumi na tatu, na serikali haipendi takwimu zinazorudi nyuma. (Makofi yanasita.) Kila jeshi lililoingia lilikuta ofisi moja inayofanya kazi, likanithibitisha cheoni. Tuligundua aina tisa mpya, akiwemo chura mwenye shingo ndefu. Mtaalamu mmoja alituandikia kwamba chura hana shingo. Tukamjibu kwamba wa kwetu anayo.

Amani ilipokuja, wageni wakataka kuliona eneo la utafiti. Kwa kufuata vigezo vya kisayansi, tukachagua bonde hili, kwa kuwa ndipo mahali pekee kando ya barabara ambapo gari lao liliweza kugeuka. (Vicheko.) Tukasimika kibao: MARUFUKU KULIMA, na serikali ikatuazima walinzi.

(Mwanamke: "Na shamba yangu, Mzee?")

Huyo ni Mama Léontine, mkulima wa mpunga, aliyerithi bonde hili kwa bibi yake. Sema, mama.

("Sasa njo miaka makumi mbili walinzi wananifukuza! Zamani, mbele ya mvua kuanza, sisi bamama tulikuwa tunazibua mifereji, maji inatembea, vyura inaimba mpaka mutoto anakosa usingizi. Leo iko chura hapa? Nionyeshe moja tu!")

Mama amesema yale ambayo ripoti zangu mia moja na nne hazikusema. Tulipomfukuza, mifereji iliziba, maji yakakauka, na vyura, kwa kutojua protokole, wakapahama pale tulipowalinda. Leo nimefika mapema nikasikiliza saa nzima. Nimehesabu mbuzi wawili.

(Mshauri, akionyesha kipaza sauti: "Mumukatie micro!")

Usihangaike, mwanangu, pafu litakata lenyewe.

Vyura! (Umati: "Hoyee!") Takwimu! (Kimya.) Mifereji! (Bamama peke yao: "Hoyeee!")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wahesabu vyura wetu kumi na wawili, nahodha wa mtumbwi wa utafiti, na Bi Joséphine wa maabara, ambao kwa miaka yote hiyo hawakuchelewa kazini hata mara moja, kwa sababu hawakuwahi kuzaliwa. Maabara haikujengwa. Mtumbwi haukuchongwa. Mradi haukuwepo hata siku moja. Tulikuwepo mimi na muhuri. Na mtu asiye mkuu wa kitu chochote hawezi kutia saini ya kufunga shamba la mwenzake. Sisaini. Mama Léontine, nimekukosea kwa maandishi, nakuomba msamaha kwa mdomo, mbele ya mashahidi na polisi.

(Mama Léontine anakuja mpaka mbele, jembe begani. "Nimesikia, Mzee Edouard. Asante. Sasa simama kidogo: kiti yako bameiweka juu ya mufereji.")