Kidonda Kisichokuwemo Kwenye Mtihani

Kijiwe chetu ni benchi la Fundi Viatu, mkabala na geti la hospitali. Jana Profesa, ambaye uprofesa wake ni kununua gazeti tu, alifika kajaa habari mpaka masikioni.

"Watafiti wamegundua kuna seli zinazeeka mwilini halafu zinakataa kufa. Kazi hazifanyi, zinakaa tu na kuwaharibia majirani."

"Hizo si seli," alisema Mama Kahawa bila kuinua macho kwenye birika. "Hao ni mashemeji zangu."

"Ngoja, mama. Utafiti wa pili: wanafunzi wa udaktari wakijifunza kwa wagonjwa wa kuigiza, wanaelewa haraka zaidi."

Mahututi akakohoa, akaweka kola sawa. Huyu ni mwenzetu, ila chuo cha udaktari cha hospitali hiyo humwita siku za mtihani akajifanye mgonjwa. Anapewa karatasi ya dalili, anaikariri, wanafunzi wanampima, mwalimu anatoa alama. Tangu apate kazi hiyo hatupumui.

"Hatimaye dunia inatutambua," alisema. "Wiki iliyopita nimeumwa tumbo mara kumi na nne. Machozi yalikuwa ya kweli."

"Wote wakafaulu?" nikamuuliza.

"Kasoro binti mmoja. Badala ya kunibonyeza tumbo, kaenda miguuni. 'Babu, hiki kidonda cha unyayo kina muda gani?' Nikamwambia hakimo kwenye karatasi. Akauliza kama nasikia kiu sana, kama naamka usiku kukojoa. Havimo! Nikamwambia, 'Mwanangu, uliza tumbo.' Wapi! Dakika zikamwishia miguuni, akafeli."

"Una kidonda?" aliuliza Fundi. Mkononi alikuwa na kiatu cha Mahututi cha kushoto, alicholetewa asubuhi ile.

"Kidogo tu. Miezi miwili sasa. Wala hakiumi."

Fundi akaingiza koleo ndani ya kiatu, akavuta. Ukatoka msumari. Akauweka juu ya benchi.

"Ulikuwa umesimama ndani. Kiatu hiki umekuja umekivaa."

"Nilisikia kinalia, nikajua soli."

"Hukusikia maumivu?"

"Maumivu nayasikia tumboni, kwa mujibu wa karatasi."

Hakuna aliyecheka. Profesa akakunja gazeti. "Hiyo sukari, bwana."

"Gazeti limesema?"

"Halijasema. Shangazi yangu alianza hivihivi, wakamkata mguu."

Niliogopa. Mahututi anatuchosha, lakini ni wetu, na nilitaka aendelee kutuchosha akiwa na miguu miwili.

"Basi nenda," nikamwambia. "Hospitali hiyo hapo, ni kuvuka barabara tu."

"Siwezi. Pale wote wananijua. Nikisema naumwa, watanipigia makofi."

"Mimi kiatu sikupi," alisema Fundi, akakikalia. "Utakipata ukirudi na karatasi ya daktari. Ya kweli."

Mama Kahawa akavua ndala zake, akamvalisha kama anamvalisha mtoto. Mimi nikashika mkono mmoja, yeye mwingine, pekupeku. Tukavuka.

Chumbani daktari hakuinua uso. "Haya mzee, unasumbuliwa na nini?"

Mahututi akajikunja, akashika ubavu wa kulia, jasho likamtoka. "Yananianzia hapa, daktari, yanapanda mpaka begani. Hasa nikila mafuta."

Nakiri, aliigiza vizuri. Daktari alishachukua kalamu.

"Mahututi!" alifoka Mama Kahawa.

Akanyooka taratibu, akafuta jasho, akavua ndala na kuinua unyayo. Mguu ulikuwa unatetemeka, na hilo hajafundishwa na mtu.

"Hiki hakimo kwenye karatasi, daktari," alisema. "Ila ni changu. Na yule binti mrudishieni alama zake."